Masta ya usimamizi wa ujenzi ukiwa Mwanza: jibu kwa aliyetoka daraja la Kigongo–Busisi

Mkuu, umeuliza kama inafaa kusoma masta ya usimamizi wa ujenzi kwa njia ya mtandao huku ukiendelea na kazi Mwanza, au uombe likizo bila malipo uende Dar ukakae darasani. Umesema una digrii ya uhandisi ujenzi, ulikuwa kwenye daraja la Kigongo–Busisi mpaka lilipofunguliwa Juni 2025, na familia iko Buhongwa. Mimi hiyo masta nimeisoma chuo cha Uingereza nikiwa hapa hapa Mwanza, asubuhi saiti, usiku darasani. Soma mtandaoni, ila saiti usiiache. Masomo haya bila saiti mkononi yanabaki makaratasi.

Somo lililonifaa kuliko yote ni la mikataba. Zamani mkataba kwangu ulikuwa kitabu kinachokaa kabatini kwa bosi. Darasani tukaingia FIDIC, yaani masharti ya mikataba ya ujenzi ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, Kitabu Chekundu cha 1999, kifungu kwa kifungu. Kifungu cha 4.12 kinampa mkandarasi haki ya kuongezwa muda na kulipwa gharama akikutana na hali ya ardhi isiyotarajiwa. Lakini mkataba huo huo unasema isiyotarajiwa ni ile ambayo mkandarasi mzoefu asingeweza kuitarajia hadi tarehe ya kuwasilisha zabuni. Sasa jiulize, Mwanza hii, mkandarasi mzoefu atasimama mbele ya nani aseme hakutegemea mwamba? Bugando, Isamilo, Mabatini, mawe yanaonekana hata na mpita njia.

Tulipokuwa kwenye somo hilo, saiti yetu ya mlimani ikagonga jabali. Taarifa ya uchunguzi wa udongo tuliyopewa na zabuni ilionyesha udongo mtupu mpaka chini ya kina cha msingi, lakini ekskaveta ilianza kukwaruza mwamba kabla hata ya mita moja. Baruti haikuwezekana, majirani wako karibu mno. Vijana wakapanga kuni juu ya mwamba, wakawasha moto, wakauacha uchomeke hadi uanze kulia na kuachia nyufa, ndipo wakaingia na nyundo na mitalimbo. Kazi ikaenda kwa mwendo wa konokono, na ofisini msimamo ulikuwa kwamba madai tutayapeleka mwisho wa mradi.

Hapo ndipo darasa liliponisaidia. Kifungu cha 20.1 kinataka taarifa ya madai itolewe ndani ya siku 28 tangu mkandarasi alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio. Zikipita, hakuna nyongeza ya muda wala pesa, hata uwe na haki kiasi gani. Usiku ule ule niliandaa barua ya taarifa, asubuhi nikamwomba meneja aisaini. Hatukuandika kwamba tumekuta mwamba. Mwamba Mwanza si habari. Tuliandika kwamba taarifa mliyotupa wakati wa zabuni ilionyesha udongo, tena mahali pale pale, nasi tukapanga bei kwa kuitegemea hiyo. Tukaambatanisha picha zenye tarehe na kurasa za daftari la saiti zinazoonyesha mashine ilisimama lini na vijana walikuwa wangapi. Pesa tulipata sehemu tu, lakini muda tuliongezewa, na mradi ukaokoka na faini ya ucheleweshaji. Kwa hiyo chuo chochote utakachokitazama, fungua kwanza orodha ya masomo. Kama mikataba na madai yamepewa kona ndogo, tafuta kingine, hata kama jina lake ni kubwa.

Somo la kupanga ratiba nalo ni zuri, utajifunza kutambua kazi ambazo ikichelewa moja tu mradi wote unachelewa. Kwetu ni muhimu kwa sababu ya masika: ukichimba msingi Aprili, unachimba na kupampu maji.

Kuhusu muda, usidanganywe na matangazo. Masta ya Uingereza ni krediti 180, na kila krediti inahesabiwa saa 10 za kusoma, yaani saa 1,800. Ukisoma miaka mitatu, ni kama saa 12 kila wiki, Jumapili ikiwemo. Mwambie shemeji mapema, kabla hujajisajili. Kipindi cha saa 12 jioni London kwetu ni saa 3 usiku, na kwao kikiwa kiangazi ni saa 2 usiku. Hiyo inavumilika. Marekani ni tofauti: kipindi cha saa 1 jioni New York kinakukuta saa 8 au saa 9 usiku, na asubuhi unamwaga zege. Huko chagua tu programu yenye mihadhara iliyorekodiwa, uipakue mapema, umeme na mtandao tunavijua.

Jambo la usajili wengi hawalielewi. Masta hii haikupi usajili popote. ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, wanatazama digrii yako ya kwanza ya uhandisi na uzoefu wako kazini chini ya usimamizi. Mwenzako mkadiriaji majenzi njia yake ni AQRB, bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. CRB wao wanasajili makandarasi. Kama bado hujasajiliwa ERB, malizana na hilo kwanza. Ithibati ya CIOB au RICS, vyama vya kitaaluma vya Uingereza, kwenye programu ni dalili nzuri, lakini kwa kazi za serikali hapa nyumbani kinachotazamwa ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kuitambua shahada yako. Waandikie kabla hujalipa hata senti, taja chuo, jina kamili la programu, na useme wazi kwamba inasomwa mtandaoni. Omba jibu la maandishi.

Tasnifu ifanye juu ya saiti yako mwenyewe, na barua ya mwajiri ya kuruhusu kutumia takwimu iombe mwanzoni kabisa, mradi ukiwa bado hai. Saiti ikishafungwa watu wanatawanyika na mafaili yanapotea.

TCU wakikujibu, liweke jibu hapa mkuu. Kuna vijana wengi Nyegezi na Igoma wanasubiri kulijua.