Kwa anayeanza kuchambua plastiki za taka za kielektroniki

Ukikaa mbele ya mzigo mara ya kwanza, jicho litakuvuta kwenye rangi: nyeusi huku, nyeupe kule. Achana nayo. Rangi inamhusu mnunuzi, haikwambii plastiki ni ya aina gani. Makasha mawili meusi yanaweza kufanana kabisa, kumbe moja ni ABS (plastiki ngumu ya makasha ya vifaa) na jingine ni PP (polipropilini), na ukiyayeyusha pamoja unapata kitu dhaifu ambacho hakuna kiwanda kitakitaka. Weusi huo unazisumbua hata mashine, kwa sababu kaboni inayoutia humeza mwanga wa infraredi ambao mashine nyingi za kuchambulia hutegemea. Ndiyo maana mikono bado inahitajika.

Geuza kasha uangalie upande wa ndani. Mara nyingi utakuta maandishi yaliyochongwa kati ya vimshale viwili, mfano >ABS< au >PC+ABS-FR(40)<. Herufi FR maana yake plastiki imetiwa kizuia moto, na namba inayofuata ndiyo habari yenyewe: 40 ni cha fosforasi, 16 na 17 ni vya bromini. Jifunze namba hizo kabla ya kitu kingine chochote.

Bromini ndiyo shida kubwa ya kazi hii. Iko zaidi kwenye makasha ya runinga na skrini za zamani, zile zenye kisogo. Baadhi ya vizuia moto hivyo viliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zinazodumu, mwaka 2009, na deka-BDE, kizuia moto kingine cha bromini, ikafuata mwaka 2017, kwa hiyo havitakiwi kurudi sokoni vikiwa vyombo vya jikoni au midoli ya watoto. Gunia moja la makasha hayo likiingia kwenye mzigo safi, mzigo wote umeharibika.

Kipande kisicho na alama kipime kwa maji. PP tupu huelea kwenye maji ya kawaida; ABS na HIPS (polistirini iliyoimarishwa) huzama. Vilivyozama vihamishie kwenye maji ya chumvi, gramu 160 hivi kwa kila lita. Humo ABS na HIPS za kawaida huelea, na zenye bromini kwa kawaida huzama. PC (polikaboneti) nayo huzama, hivyo usiseme kila kilichozama kina bromini. Sema tu kwamba hakijathibitika kuwa safi. Tia tone la sabuni na ukoroge, maana kiputo kimoja cha hewa kilichonata kwenye chenga kinatosha kuiinua ikakudanganya. Beseni likikaa wazi maji hupungua na chumvi hukolea, basi yapime upya kwa haidromita (kipimo cha ukolezi wa maji) kila unapoanza kazi.

Mtego mwingine ni mapipa ya ndani ya mashine za kufulia. Ni PP, lakini mara nyingi imechanganywa na madini ya unga, kwa hiyo inazama pamoja na ABS. Hapo tumia asetoni (kiyeyushio kama cha kuondolea rangi ya kucha): dondosha tone moja, subiri kidogo, gusa kwa kijiti. ABS itanata, HIPS pia italainika, PP haitajali. Fanya hivyo penye hewa, mbali na moto.

Utakutana na wazoefu watakaokufundisha kuchoma kipande na kunusa moshi. Wana pua kali kweli, sikatai, ila PVC ikiungua hutoa asidi, na plastiki yenye bromini hutoa dioksini, sumu kali. Hakuna malipo ya uchambuzi yanayofidia mapafu.

Kabla ya kusaga, ng'oa skrubu, stika, sponji na vile vikombe vya shaba vilivyozama kwenye matundu ya skrubu. Hivyo vikombe husahaulika kuliko vyote, na ndivyo vinavyomega visu vya mashine. Pitisha sumaku ukitaka, lakini shaba haishikwi na sumaku. Itabidi uchungulie kila tundu kwa macho yako.