Mwalimu wa kwaya anaweza kuwa mtunzi
Ndugu, umeuliza kama mwalimu wa kwaya hapa Bukavu anaweza kutunga muziki wa klasiki bila kuacha kufundisha. Mtazame Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1951, ambaye alisomea utunzi Belfast, akapata udaktari wake Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kisha akafundisha Makerere huku akiendelea kutunga. Kazi yake ya fidla mbili, viola na selo, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba, ilirekodiwa na Kronos Quartet, kundi la Marekani la wapiga vyombo vinne vya nyuzi, katika albamu ya mwaka 1992. Isikilize kwa makini, hasa pale nyuzi zinapopigwa kwa vidole: utasikia mwendo wa ngoma za Kiganda, ingawa hakuna ngoma hata moja.