Gitaa la Besi Lililotumika Liuzwe kwa Bei Gani?

Wapigaji wenzangu hapa Dar es Salaam huniuliza mara kwa mara gitaa la besi lililotumika liuzwe kwa bei gani, na karibu kila anayeuliza huwa tayari ana jibu lake moyoni: anataka arudishiwe fedha aliyolinunulia, au sehemu kubwa ya fedha hiyo. Mnunuzi hana habari na hesabu hiyo. Hajali kwamba ulilileta kutoka Dubai ukalilipia ushuru. Anachopima ni tofauti iliyopo kati ya gitaa lako na gitaa jipya la aina hiyohiyo analoweza kulichukua leo Kariakoo akapewa na risiti. Ndiyo maana kabla ya kutaja bei yoyote huwa ninapiga simu kwenye maduka mawili matatu na kuuliza kama mteja wa kawaida.

Bei za mtandaoni zisomwe kwa tahadhari. Kiasi kinachoandikwa chini ya picha ni matumaini ya muuzaji tu, na tangazo lililokaa miezi bila kuondolewa linakuonyesha bei ambayo watu wameikataa. Tovuti ya Marekani iitwayo Reverb huonyesha bei ambazo vyombo viliuzwa kweli, nami huitumia kulinganisha aina moja na nyingine, kwa mfano Yamaha za BB na Ibanez za SR, ili nijue ipi inashuka thamani haraka. Hata hivyo sigeuzi dola hizo kuwa shilingi nikaziweka kwenye tangazo langu, kwa kuwa soko la kule lina magitaa mengi kuliko letu, na letu limebeba nauli na kodi.

Gitaa lililo katika hali nzuri, ambalo mwenzake mpya bado yupo madukani, mimi hulianzishia asilimia 60 ya bei ya dukani. Kutoka hapo ninashuka kwa kila kasoro, na kasoro inayonishusha zaidi ni ya shingo. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na gitaa lililoegemezwa ukutani mwaka mzima nyuzi zikiwa zimekazwa huweza kupinda bila mwenyewe kutambua. Bonyeza uzi mnene kwenye fureti ya kwanza (fureti ni vile vichuma vyembamba vinavyokatiza shingo), ubonyeze uzi huohuo pale shingo inapoungana na kiwiliwili, kisha utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na fureti ya saba au ya nane. Ikilingana na unene wa kadi ya biashara, usiwe na wasiwasi. Ikizidi sana, au uzi ukilala kabisa juu ya fureti, fundi atalazimika kurekebisha ule uchuma uliopita ndani ya shingo, na hiyo ni kazi ya muda mfupi ambayo ni afadhali uilipie mwenyewe kabla ya kutangaza. Lakini uchuma huo ukiwa umeshakazwa hadi mwisho na shingo bado haijanyooka, usizungumze tena asilimia 60. Hata theluthi moja ya bei ya dukani utaipata kwa bahati.

Usidhani mnunuzi hatagundua. Mzee mmoja aliyewahi kupiga kwenye bendi za dansi alikuja kutazama gitaa nililokuwa ninauza, akakataa hata kuchomeka waya kwenye amplifaya. Alilaza sikio kwenye pembe ya gitaa, akapiga uzi mmoja mmoja ukiwa wazi, kisha akapanda fureti moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye mlio wa chuma kugusa chuma. "Kijana wangu," akasema, "fureti hizi mbili zimeliwa." Nilikuwa nimeshazitaja kwenye tangazo na kuzipunguzia bei, kwa hiyo mazungumzo yetu yalikwisha haraka na kwa amani.

Umeme wa gitaa hutisha watu kupita kiasi. Kitufe cha sauti kinachokwaruza mara nyingi kina vumbi tu, na dawa ya kupulizia inayotumiwa na mafundi wa redio hukinyamazisha. Gitaa linalotumia betri ya volti 9 likitoa sauti ya kukoroma, badilisha betri kwanza kabla ya kulihukumu, kwa sababu kwa kawaida waya ukiachwa umechomekwa betri huendelea kuliwa hata kama hakuna anayepiga.

Kuhusu umri na jina, hapa ndipo wauzaji wengi hujidanganya. Kampuni ya Marekani ya Fender ilitoa gitaa la besi liitwalo Precision Bass mwaka 1951, na zile za kabla ya Fender kuuzwa kwa CBS, kampuni ya utangazaji ya hukohuko, mwanzoni mwa 1965 zinatafutwa kwa fedha nyingi sana duniani. Gitaa la miaka ya 1990 kutoka kiwanda cha kawaida halipandi bei kwa sababu ya kuzeeka tu. Jina nalo lihakikiwe. Tangu 1982 Fender imetumia jina la Squier kwa magitaa yake ya bei nafuu, na wapo wajanja wanaofuta jina hilo na kubandika la Fender kichwani. Linganisha namba ya usajili na nchi iliyoandikwa, na ukiwa na shaka uza kwa bei ya Squier na useme hivyo. Ukibadilisha pikapu, yaani vile vinasa mlio vilivyo chini ya nyuzi, kwa nyingine za gharama, usitarajie gharama hiyo irudi. Tunza zile za mwanzo uzikabidhi pamoja na gitaa, kwani hizo ndizo zinazolinda bei.

Chukua Yamaha ya nyuzi nne ambayo mpya tuseme ni shilingi 900,000. Asilimia 60 ni 540,000. Toa 40,000 za fundi wa fureti na 60,000 za seti mpya ya nyuzi, zinabaki 440,000. Ongeza 30,000 kwa ajili ya mfuko mzuri, unapata 470,000. Kwa kuwa kwetu hakuna anayenunua bila kuomba apunguziwe, ningetangaza 520,000 na kuandika kwamba mazungumzo yapo. Ukiweka nafasi kubwa zaidi ya hiyo, wanaojua bei hawatapiga simu kabisa, utabaki na madalali.

Wanunuzi wangu wengi ni makanisa. Viongozi wa kwaya huja watatu au wanne, wengi wao huulizia nyuzi tano, nao huhitaji karatasi ya kumpelekea mhazini. Waandikie hati ya mauziano yenye namba ya usajili, kasoro zote na kiasi kilicholipwa, maana hati hiyo huwakinga pia wasije wakadhaniwa wamenunua mali ya wizi. Fedha ikitumwa kwa simu, angalia salio lako mwenyewe badala ya kutegemea ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi. Wiki mbili zikipita bila mtu kuja kulitazama, punguza asilimia tano na upige picha mpya mchana, nje, shingo ikionekana yote.