Maswali ya Wasomaji: Gitaa la Stili la Nyuzi 12, Tufunge Zipi?

Nimezoea E9, tyuni ya kantri, kwenye gitaa la stili la pedali lenye nyuzi 10 (lile la kulaza, ambalo pedali za mguu na wenzo za goti hubadilisha sauti za nyuzi). Sasa nimepata la nyuzi 12, pedali 7. Nifunge E9 ndefu (E9 ileile iliyoongezwa nyuzi mbili za besi) au yunivesali ya E9/B6 (tyuni moja inayobeba E9 na B6 pamoja)? Napiga kantri zaidi, ila swingi nayo inanivuta.

Uzi wa 1 hadi wa 8 haubadiliki: F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E. Njia zinaachana hapo. E9 ndefu inaendelea na D, B, G#, E. Yunivesali inaitoa D na kuendelea na B, G#, E, B. Kwa hiyo kabla ya kuwaza besi, jiulize unautegemea kiasi gani uzi wa 9. Jaribio lake ni rahisi: kwenye gitaa la nyuzi 10, chomeka kipande cha sponji chini ya uzi huo karibu na chenja (sehemu inayokaza na kulegeza nyuzi pedali zikikanyagwa) ili uzimike, kisha upige nyimbo zako zote. Ukikwama kila baada ya mistari miwili, una jibu.

Si kwamba yunivesali haina D kabisa. Kuna wenzo wa goti unaoipandisha B ya uzi wa 9 nusu toni tatu. Lakini mwendo wa wenzo huo ni mrefu, goti linabaki limebanwa, na D inapolia B ile haipo. Kidole gumba nacho kina kazi ya kusahau kilichozoea: mshiko wa nyuzi za 10-8-6 unageuka 9-8-6.

Faida yake iko hapa. Shusha E za uzi wa 4 na wa 8 kwa wenzo mmoja ziwe D#, halafu soma kuanzia uzi wa 4 kwenda chini: D#, B, G#, F#, D#, B, G#, E, B. Hiyo ni C6 kamili, tyuni ya swingi, iliyoshushwa nusu toni, yaani B6. Angalia uzi wa 11: E yake haiguswi na wenzo huo, kwa sababu ndiyo iliyokalia nafasi ya F ya C6. Fundi akiuunganisha kwa kudhani E zote ni ndugu, upande wa sita (wa B6) umeharibika. Pedali zako 7 zinatosha, yaani A, B na C (majina ya pedali tatu za E9), pamoja na nne za upande wa sita. Mwenye pedali 3 tu asijisumbue, maana atapata kodi ya B6 (kodi ni sauti kadhaa zinazolia pamoja) bila miendo yake.

Kwa mpigaji wa kantri anayeonja swingi, sisi tungefunga E9 ndefu. Yunivesali inamfaa anayetaka C6 hasa na hana hamu ya kubeba gitaa la shingo mbili, moja ya E9 na nyingine ya C6.

Nimefunga E9 ndefu, lakini nyuzi mbili za chini hazina rodi (vyuma vinavyounganisha pedali na nyuzi). Nikikanyaga pedali A na B, chini kunavurugika. Nyuzi ni nene mno?

Unene wa inchi 0.046 kwa G# na 0.056 kwa E ni wa kawaida kabisa. Kosa liko kwenye pedali B. Inapandisha G# za uzi wa 3 na wa 6 kuwa A, huku ya uzi wa 11 ikibaki G#, basi zinakwaruzana. Uunganishe uzi wa 11 na pedali B kwanza. Uzi wa 12 unaweza kusubiri: pedali A na B zikikanyagwa pamoja unapata kodi ya A, na E ni mwenyeji humo. Utakaosumbua ni wenzo wa kupandisha E kuwa F. Ukiutumia na pedali A unapata kodi ya C#, na E ya chini isiyopanda itagombana na F. Wenzo wa kushusha E tungeuacha bila rodi ya uzi wa 12. D#, G# na B juu ya E ile ni E meja 7, tena tamu.

Ukifunga rodi, tyuni uzi mtupu kwanza kwenye vigingi, pedali zote zikiwa zimeachiwa. Kisha kanyaga na uzungushe nati ya nailoni kwenye chenja mpaka sauti ya A ifike. Ukiachia, rodi ichezecheze kidogo. Ikiwa imekaza, uzi mtupu utabaki juu. Pedali ikigonga mwisho kabla A haijafika, hamishia rodi tundu lililo mbali zaidi na mhimili wa pedali. Itavuta zaidi, lakini mguu utaona uzito. Na hizo G# usizipeleke sawasawa na mita ya kutyuni: zishushe senti 10 hadi 14 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni), la sivyo kodi ya E itatetemeka.

Chuma changu cha mkononi, kile cha kutelezesha juu ya nyuzi, ni cha inchi 3¼ kwa ⅞. Kitafaa kwa nyuzi 12?

Hicho ni cha nyuzi 10. Huna haja ya kufunika nyuzi zote 12 kwa pamoja, hivyo urefu si tatizo kubwa. Uzito ndio muhimu, kwani nyuzi nene zikikandamizwa na chuma chepesi sauti yake huzimika. Chukua cha kipenyo cha 15/16 au inchi 1, urefu kuanzia 3⅜. Cha inchi 1 kinahitaji mkono uliozoea, hasa ukikiinamisha kwenye uzi mmoja wa juu.