Kabla hujafuta kashe ya kivinjari

Mtu akilalamika kuwa kivinjari chake (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) kinasuasua, jibu la kwanza analopewa ni "futa kashe". Nimewasaidia wengi wenye shida hiyo, na kwa niliyoyaona, kashe mara nyingi husingiziwa.

Kashe ni akiba ya picha, fonti na faili nyingine za tovuti zinazotunzwa kwenye kifaa chako ili ukirudi zisipakuliwe upya. Kazi yake ni kuongeza kasi. Ukiifuta, tovuti zako zote zitachelewa kufunguka mara ya kwanza, na data italiwa zaidi. Sioni sababu ya kuifuta kila siku.

Kuifuta kunasaidia kweli pale ukurasa unapovurugika, vitufe visipobonyezeka, au unapoona toleo la zamani huku wenzako wakiona jipya. Kunasaidia pia simu ikijaa. Lakini kwenye Windows, anza na Ctrl+F5: hupakua upya ukurasa huo mmoja tu. Au ufungue katika hali fiche (incognito). Ukurasa ukifunguka vizuri huko, basi huenda shida iko kwenye kashe, vidakuzi (cookies, faili ndogo zinazokumbuka kuwa umeingia kwenye akaunti) au kiendelezi fulani (programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari).

Ikibidi kufuta, bonyeza Ctrl+Shift+Delete. Chrome, Firefox na Edge zote zinaitambua. Hapo nakuomba usiharakishe. Utaona visanduku kadhaa: weka tiki kwenye picha na faili za akiba peke yake. Ukiacha tiki kwenye vidakuzi, utatolewa kwenye karibu kila akaunti. Tiki ya nywila, kama ipo, ni mbaya zaidi. Nimeona watu wakihangaika kurudi kwenye barua pepe zao kwa kuwa nywila ilikuwa imehifadhiwa kwenye kivinjari tu. Angalia na muda: ukichagua saa moja iliyopita, faili za wiki jana zitabaki palepale. Kwenye Android, ukipitia mipangilio ya programu, gusa kufuta akiba, siyo kufuta data.

Bado kinasuasua? Basi shuku vichupo (tabs, kurasa ulizofungua) na viendelezi. Kwenye Chrome ya Windows, Shift+Esc hukuonyesha kila kimoja kinakula kumbukumbu kiasi gani. Funga kinachoongoza kwanza, kisha ondoa kila kiendelezi ambacho hukumbuki ulikiweka cha nini.