Muziki wa Jaws unasema ukweli, kisha unanyamaza

Umeandika kwamba muziki wa filamu ni pambo tu, ukiutoa hadithi inabaki ileile. Hapo sikubaliani nawe kabisa. Itazame tena Jaws ya Steven Spielberg, ya mwaka 1975, filamu ya papa anayeshambulia waogeleaji, ila safari hii tega sikio zaidi ya jicho.

John Williams, mtunzi wa muziki wake, alianza na noti mbili tu za chini, zinajirudia polepole, halafu zinakaza mwendo. Yule papa wa mitambo aliharibika mara kwa mara wakati wa kupiga picha, kwa hiyo sehemu kubwa ya filamu humwoni. Unamsikia. Noti zile ndizo papa mwenyewe.

Sasa angalia pale wavulana wawili wanapowatisha waogeleaji kwa pezi la bandia. Watu wanakanyagana kutoka majini, lakini muziki wa papa haupigwi hata kidogo! Filamu imekunong'oneza kwamba hakuna papa, na wengi wetu hatukusikia. Baadaye, ukishauamini muziki kama kengele ya hatari, Brody, mkuu wa polisi anayemwinda papa, anarusha chambo baharini huku akilalamika, na papa anachomoza kichwa bila noti hata moja kumtangulia. Ndiyo maana sehemu ile inashtua hivyo: mlinzi uliyemtegemea amekaa kimya.

Mimi naipenda kuliko filamu zote za kutisha, na Oscar aliyopata Williams kwa kazi hiyo aliistahili. Jaribu kuitazama bila sauti uone kinachobaki.