Jibu: Baba ana saratani ya figo, ajinyime chakula apungue?

Pole sana dada kwa kuuguza. Umesema baba ni mnene, saratani ya figo imeshasambaa, na ndugu wanataka ajinyime chakula apungue. Jamani, asianze hivyo bila daktari wake wa saratani.

Ni kweli unene huongeza hatari ya kupata saratani hii. Ila kwa walio nayo tayari, mambo hugeuka. Uchambuzi uliochapishwa 2016 ulihusu wagonjwa 1,975 ambao saratani ilikuwa imesambaa: kwa wenye BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 25 na kuendelea, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 25.6, kwa waliokuwa chini ya hapo, miezi 17.1. Haimaanishi mafuta ni dawa, wala msimnenepeshe. Wengine ni wembamba kwa sababu ugonjwa umeshawakondesha, na hilo peke yake huvuruga hesabu.

Mimi ningehofia zaidi kukonda bila kutaka. Mpimeni uzito kila wiki kwa mizani ileile. Ukishuka, au suruali zikianza kupwaya, mwambieni daktari mapema. Kama alitolewa figo, kiasi cha nyama, mayai na maharage kipangwe na mtaalamu wa lishe baada ya kuona kipimo cha kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi.